Simu ya Mezani Inahamishwa

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa nne wa gazeti, chini ya tangazo la dawa ya magoti, na Lazar Punguzo aliisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza vita.

"'Ifikapo mwisho wa mwezi huu, simu zote za waya katika mji wa Lom zitakatwa. Wateja wanaotaka kubaki na simu ya nyumbani wachague kampuni ya simu za intaneti.' Haya wazee, poleni na msiba."

"Msiba wa nani?" akadakia Tsvyatko Antena. "Nani bado ana simu ya mezani zama hizi? Hata paka wa dada Tsonka ana simu ya mkononi."

Vicheko. Kisha macho yote yakamgeukia Metodi Stesheni, ambaye alikuwa amesimamisha kipande cha banitsa, lile andazi la jibini, katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

Kijiwe chao kilikuwa kibanda cha kahawa cha Tsonka, ubavuni mwa stesheni ya reli, meza moja ya plastiki na viti vinne, kimoja kikiwa na mguu uliofungwa waya. Metodi alipewa jina la Stesheni kwa sababu aligeuza reli za kupishanisha treni hapo kwa miaka thelathini na sita, na alipostaafu alihamia mita ishirini tu, kutoka kwenye kibanda chake hadi kwenye kiti cha Tsonka. Antena alikuwa fundi wa televisheni mpaka televisheni zilipoanza kuharibika kwa namna asiyoielewa. Punguzo hajawahi kununua kitu kwa bei kamili; nyumbani ana lita kumi na moja za shampuu, na kichwani hana unywele hata mmoja.

"Usiniambie unayo, Stesheni," alisema Antena.

"Ninayo."

"Ile nyekundu ya marehemu mama yako?"

"Hiyo hiyo."

"Na unapigiwa na nani? Wale wa 'hongera, umejishindia seti ya masufuria'?"

"Napigiwa na watu."

"Watu gani, mshikaji? Watu wote wa Lom wako Ujerumani na Hispania, na wanapiga kwa video, unawaona mpaka tundu za pua. Kata waya huo, uanike nguo."

Metodi akala banitsa yake. Mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Punguzo," alisema kama mtu anayeuliza habari za mvua, "hizo kampuni za intaneti, wewe unazijua?"

Kumuuliza Punguzo swali hilo ni sawa na kumuuliza bata kama anajua maji. Alichomoa kwenye koti vikaratasi vya matangazo, akavipanga mezani kama karata.

"Kwanza elewa mambo. Unapewa kisanduku kidogo, kama pakiti ya sigara. Unakichomeka kwenye intaneti. Intaneti unayo?"

"Ya kuangalia mpira."

"Inatosha. Simu yako nyekundu unaichomeka kwenye kisanduku. Basi, umeshakuwa mtu wa karne hii. Sasa, kampuni ya kwanza: Filimbi. Leva moja kwa mwezi! Moja, mzee wangu! Kahawa ya Tsonka ni ghali kuliko hiyo."

"Kahawa yangu haina mkataba wa miaka miwili," alisema Tsonka dirishani, akifuta kikombe. "Soma maandishi ya chini, yale ya saizi ya sisimizi."

Punguzo akainua miwani, akasogeza karatasi puani. "'Leva moja kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baadaye kumi na mbili. Ukivunja mkataba unalipa...' Aa, haya mambo madogo."

"Madogo kama shimo la meli," alisema Antena.

"Namba inabaki?" aliuliza Metodi.

"Namba gani?"

"Namba yangu. Ya nyumbani. Inabaki ileile?"

"Hapo sijaona. Twende ya pili: Sikio la Dhahabu. Hawa ndio wanaume! Unapiga bure nchi arobaini. Arobaini! Unaweza kumpigia mtu Brazili."

"Anamjua nani Brazili?" Antena akauliza. "Huyu hata na watu wa mji wa Vidin, hapo karibu, huwasiliana kwa barua."

"Si lazima umjue. Ni bure, unapiga tu, mnajuana huko huko."

"Namba inabaki?" alisema Metodi.

"Hawa wanakupa mpya. Nzuri, inaishia na saba tatu."

"Hapana. Nyingine."

"Mbona unakataa kabla hujanusa? Nchi arobaini, bwana!"

"Nyingine, Lazar."

Alipoitwa kwa jina lake la ubatizo, Punguzo alijua utani umepungua. Akavuta karatasi ya mwisho, nyembamba, iliyochapwa kwa wino wa kijivu. "Jirani. Kikampuni cha kuchosha cha hapo Vidin. Leva tano. Hakuna ofa, hakuna zawadi, hata kalamu hawatoi. Ila... 'mteja anahama na namba yake'."

"Hiyo," alisema Metodi.

Tsonka aliweka kikombe chini. Alitoka kibandani, jambo ambalo hulifanya mara mbili kwa mwaka, akavuta kiti chenye mguu wa waya na kukaa mbele ya Metodi.

"Kaka Metodi, ukiambiwa bei, unauliza namba. Ukiambiwa Brazili, unauliza namba. Namba hiyo ina nini?"

"Ana mwanamke!" Antena akapiga meza. "Nilijua! Yuko mji wa Montana, mjane, ana trekta!"

"Trekta la mkopo," Punguzo akaongeza.

"Ni Rayna, sio?" aliuliza Tsonka kwa sauti ya chini.

Metodi akatikisa kichwa kushoto na kulia taratibu, na huko Lom kutikisa hivyo maana yake ni 'ndiyo'.

Kila mtu mjini alijua kipande cha hadithi ile, lakini hakuna aliyeijua yote. Rayna ni dada yake mdogo, yuko Zaragoza, Hispania, anatunza wazee wa watu. Mama yao alipofariki ilikuwa Julai, joto la kukaanga mayai barabarani, jeneza limewekwa sebuleni. Rayna alisema, nisubirini siku mbili, nimepata basi. Padri alisema leo. Majirani walisema leo. Metodi akasema leo. Rayna alishuka kwenye basi akiwa na shada la maua mkononi, akakuta udongo umeshakauka.

"Hakunitukana," Metodi alisema, akiongea na meza. "Bora angenitukana. Aliweka maua, akarudi stesheni. Kwenye ngazi za treni ndipo aliponiambia, 'Usinipigie simu, Metodi. Nikishakusamehe nitapiga mwenyewe. Nitapiga nyumbani.' Namba anayoijua ni ile tu. Ameijua tangu ana miaka sita. Mama alimwimbisha kama wimbo ili akipotea awaambie watu."

"Lini hiyo?" Antena aliuliza.

"Miaka saba Julai hii."

Treni ya mizigo ikapita, ikawapa watu wote muda wa kutazama pengine. Punguzo alianza kukunja tangazo la Sikio la Dhahabu mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kama kitufe.

"Miaka saba," hatimaye Antena alisema, akikohoa, "unailinda simu kama askari wa benki iliyofilisika. Ndiyo maana huji baharini. Ndiyo maana hulali kwa mwanao kule jijini Sofia."

"Naenda asubuhi, narudi jioni."

"Sisi tukadhani ni ubahili!"

"Wacheni maneno," Tsonka akasema. "Wapigie hao Jirani sasa hivi, hapa hapa. Tusikie."

Metodi akatoa simu yake ya mkononi, akapiga na kuiweka sauti kubwa. Ilipokelewa mara ya pili tu kuita, na mwanamke mwenye mafua.

"Jirani, habari za asubuhi."

"Mwulize umeme," Antena alinong'ona.

"Dada, umeme ukikatika?"

"Simu nayo inakatika, mzee. Sikufichi. Ukitaka, nunua betri ya akiba."

"Ameshajibu ukweli!" Punguzo akashika kichwa. "Kampuni gani hii? Hawajui biashara!"

"Mwulize dakika za Hispania!"

"Sihitaji," alisema Metodi. "Mimi ni wa kupigiwa."

Mwanamke aliuliza jina, aliuliza anwani kamili, akaeleza kuwa anwani lazima iandikwe vizuri, maana siku akipiga namba ya dharura gari la wagonjwa litakwenda hapo ilipoandikwa, hata kama yeye atakuwa ameanguka kwingine. Metodi akaitaja mara mbili. Akaulizwa namba anayotaka kuhama nayo. Aliitamka polepole, na bila kujijua akaitamka kwa mdundo, kama wimbo.

"Vizuri, mzee. Tunaanza Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano simu haitakuwa hewani. Alhamisi asubuhi unarudi hewani."

Metodi akaisogeza simu mdomoni.

"Siku tatu haitaita?"

"Wanaipokonya kule, wanaileta huku. Hatuna namna."

"Nitakupigia tena," alisema, akakata.

"Sasa tatizo nini?" Antena alirusha mikono. "Umepata bei, umepata namba, umepata mwanamke asiyejua kudanganya!"

"Akipiga Jumanne je?"

"Nani?"

"Rayna. Akipiga Jumanne?"

"Stesheni, mwanangu, kaa uhesabu. Miaka saba hajapiga. Jumatatu zote hizo, Jumanne zote hizo. Leo ndo achague Jumanne yako hii?"

"Ndiyo yenyewe atakayochagua," Metodi alisema. "Nimekaa reli miaka thelathini na sita. Treni ambayo hujawahi kuiona huja siku uliyokwenda chooni." Akasukuma karatasi za Jirani pembeni. "Siwezi. Akipiga akakuta kimya atadhani nimeing'oa. Atasema, tazama, hata simu ya mama ameizika bila kunisubiri."

Antena akaziokota karatasi, akazirudisha mbele ya Metodi.

Tsonka ndiye aliyepata jibu. "Basi mpigie umwambie asipige."

"Nini?"

"Mpigie Rayna. Mwambie siku tatu hizo asipige, simu inahamishwa."

"Alinikataza kupiga!"

"Alikukataza kupiga kujieleza. Hii si kujieleza. Hii ni taarifa. Shirika la umeme likitaka kukata linatoa taarifa, halafu wewe binadamu ushindwe? Namba yake unayo?"

Metodi akaifungua pochi. Nyuma ya kitambulisho kulikuwa na karatasi ambayo mikunjo yake ilikuwa imeshageuka matundu.

"Huyu alikuwa nayo!" Punguzo alinong'ona. "Miaka saba anakaa na namba mfukoni!"

Antena akaichukua simu ya Metodi, akapiga namba ile, kisha akabonyeza ya sauti kubwa, bila kuombwa, na wote wakasogeza vichwa.

Iliita mara sita.

"Haloo?"

"Rayna. Metodi hapa. Usikate. Sipigi kwa lolote. Natoa taarifa."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Simu ya nyumbani inahamishwa, wanang'oa waya za zamani. Jumatatu, Jumanne na Jumatano haitaita. Kwa hiyo siku hizo usipige."

Kwa mbali ilisikika televisheni ya Kihispania na kikohozi cha mzee.

"Na nani amekwambia nilikuwa nataka kupiga?"

"Hakuna."

"Miaka saba sijapiga."

"Najua. Nimekuwepo."

Punguzo alitazama kioo kuona kama salio limekwisha.

"Namba inabaki ileile?" aliuliza Rayna. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo.

"Ileile. Nimeulizia kampuni tatu."

"Wengine hubadilisha."

"Hao niliwakataa. Walitaka kunipa nchi arobaini, nikawakataa."

Kitu kama pumzi kilitoka upande wa pili. Kama ni kicheko au si kicheko, mpaka leo kijiwe hakijakubaliana.

"Inarudi lini hasa?"

"Alhamisi. Asubuhi." Akamtazama Antena, Antena akainua vidole viwili. "Saa mbili."

"Saa mbili huwa nampa bibi dawa."

"Basi saa yoyote. Mimi nipo."

"Sijasema nitapiga, Metodi."

"Hujasema."

"Haya." Ikakatika.

Metodi aliirudisha karatasi kwenye pochi, taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Tsonka akarudi kibandani haraka, na huko ndani akawa anagombana na vikombe. Punguzo alipenga kamasi kwenye tangazo la Filimbi.

"Sawa," Antena alisema, maana lazima mtu aseme. "Lakini kwa akili ya kawaida, mzee wangu: umeshaongea naye. Namba yako ya mkononi sasa anayo. Simu ya mezani ya nini tena? Achana nayo, uokoe leva tano!"

Metodi alikuwa ameshasimama, anafunga vifungo vya koti, kimoja kimekosea tundu. "Alisema nyumbani. Na amesema Alhamisi."

"Kasema hajasema!"

"Ndivyo anavyosema dada yangu. Nampigia yule mwanamke wa Jirani sasa hivi, halafu naenda kupangusa simu."

Akashika njia ya kando ya reli, anatembea kama kijana wa miaka hamsini. Alikuwa ameshavuka taa ya pili Punguzo alipokumbuka jambo, akasimama juu ya kiti, kile cha waya, akapaza sauti:

"Stesheniii! Hispania wako nyuma yetu saa nzima! Hiyo saa mbili ya Alhamisi, ni ya kwetu au ya kwao?"

Metodi hakugeuka. Aliinua mkono tu.

"Zote mbili!"