Kwenye Kompyuta ya Mume Wangu, Maji Yameshafika

Goba,
Alhamisi.

Kwako Bi. Widad, bosi wa mume wangu,

Habari za hapo Kinondoni? Sie huku hatujambo, ila hatujaoga. Mie naitwa Tupokigwe, mke wa Godlisten, yule mrefu anayewatengenezea programu ya kuagizia maji. Nakuandikia kwa heshima zote huku mtoto yuko mgongoni, hivyo mwandiko ukipinda ujue anacheza.

Nitaeleza taratibu, maana na mie nimeelezwa mpaka nikaelewa. Ndani ya programu yenu kuna kipande kidogo, Godlisten anakiita kifurushi (si cha bando). Kazi yake ni kuchukua saa za kizungu za kompyuta na kuzigeuza ziwe saa zetu. Kikawa kinakosea: kompyuta ikisema nane ya asubuhi, ambayo kwetu ni saa mbili, chenyewe kinamwandikia dereva wa boza saa nane. Godlisten akakitengeneza. Ili akijaribu kabla ya kukitoa kwa watu, akakiunganisha: programu kubwa iliyomo kwenye kompyuta yake ikaacha kifurushi cha zamani, ikawa inachungulia kile anachokitengeneza palepale. Akibadilisha kitu huku, kinaonekana kule. Jambo zuri, sikatai. Ni kuonja mchuzi ungali jikoni. Tatizo ni mtu anayeonja mpaka akashiba, akaenda kulala, na wageni wako sebuleni na sahani tupu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu alfajiri aliniambia, "Mama Auleria, imepona." Nikaangalia kwa macho yangu kwenye kompyuta yake: boza la maji, Goba, saa mbili asubuhi. Nikapiga deki kwa maji ya mwisho, nikaloweka nepi zote, nikajipaka sabuni kichwani. Shomari, dereva wenu, akaja saa nane mchana anapiga honi na kutabasamu, kwa sababu simu yake bado ilikuwa na kifurushi cha zamani. Sina ugomvi na Shomari. Yeye aliwahi.

2. Nilipomuuliza Godlisten, alinigeuzia kompyuta akasema, "Kwangu inafanya kazi." Bi. Widad, kwake ndiyo kwangu. Tunalala kitanda kimoja. Inakuwaje kwake maji yamefika, kwangu ndoo zinalia? Jumatano ikajirudia vilevile, ndipo akashika kichwa: alisahau kukata kile kiungo, na kifurushi kipya hakijawahi kutoka nje ya kompyuta yake hata siku moja. Siku zote mbili alikimbia kuja nyumbani mchana kwa aibu, na chipsi mayai mkononi, akavuta mpira wa maji mwenyewe mpaka kwenye simtanki huku kambeba mtoto. Hayo si ya kumsifia. Hata sikuyaona vizuri, nilikuwa nimelala.

3. Ugonjwa umehamia kwenye ndoa. Jumapili hii tunambatiza Auleria. Tulikubaliana amwandikie mama yake kule Machame kwamba shughuli ni ndogo, waje watu wawili. Akaniambia tayari. Jana mama mkwe kapiga simu kuuliza kama kosta itapanda kilima cha Goba. Nikaomba simu ya Godlisten. Ujumbe upo, umeandikwa vizuri, na shikamoo imo, ila haujatumwa! Ameuandika, ameusoma, ameridhika nao. Kwake yeye, mama yake ameshapunguza wageni.

4. Sasa nina kosta nzima ya wakwe watakaotaka kunawa, kupika na kwenda chooni. Boza la Jumapili nimeagiza saa mbili, kabla ya ibada. Likija saa nane, wakwe zangu watatoka kanisani wakute simtanki linapiga mwangwi, na mpaka mtoto huyu aolewe nitaitwa mwanamke asiye na maji. Nilitaka nimpigie Shomari tu tumalizane, Godlisten akakataa, eti kuizunguka programu ni kuikatia tamaa.

5. Kwa hiyo naomba ofisi yako iweke sheria: hakuna kusema "imepona" mpaka kiungo kikatwe, kifurushi kitoke, na mhusika asimame Goba na povu kichwani akisubiri boza. Wewe uanze, ili vijana wakuige. Taulo lipo.

6. Kama hilo ni gumu, basi mume wangu aunganishwe na mie kwa kiungo hichohicho. Nikichoka huku, achoke kule. Mtoto akijisaidia huku, kule aache kikao. Hicho kiungo ndicho kisikatwe.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi na mama wa chai pia. Shomari mwambie mpira wake kausahau kwangu.

Mimi mwenye subira iliyobakia kidogo,

Tupokigwe (Mama Auleria)

Nilitaka kusahau: Nimechelewa kukutumia barua, leo tayari Ijumaa. Kifurushi kimetoka jana jioni na leo asubuhi boza limefika saa mbili kamili. Honi ikamwamsha Auleria, ndiyo kwanza alikuwa amesinzia. Godlisten kashangilia, kanibusu kwenye paji la uso, kaenda kazini. Saa nane ikafika. Hakuna aliyekuja na chipsi, hakuna aliyenipokea mtoto, mpira nimevuta mwenyewe na jicho sijafumba. Jumapili naomba programu ibaki hivihivi kwa ajili ya wakwe. Ila kuanzia Jumatatu, kama haitakusumbua, turudishieni ile mbovu. Wengine msiwaguse. Ni kwangu tu.