Saumu ya Kioo Kinachowaka

Tangazo lilitoka asubuhi kwa kipaza sauti, ili hata wafagiaji walisikie. Kwa kuwa kioo cha kutoa mwanga hakitaki uchafu, na kwa kuwa hakuna uchafu mkubwa kama binadamu anayekula kwa vidole, Taasisi ya Vioo vya Taa, Tirupati, itafunga saumu saa zote za kazi mpaka kioo kiwake. Watu wa Tirupati hufunga Jumamosi kwa heshima ya Bwana wa Kilima, mungu wa hekalu lao, na hakuna aliyekufa. Hivyo basi, kuanzia leo, kila siku ya kazi ni Jumamosi.

Mkurugenzi Kondalrao akaongeza kuwa yeye mwenyewe ataongoza kwa mfano. Makofi yakapigwa.

Karani mkuu, Subbarayudu, akateuliwa Mnusaji wa Taasisi. Cheo kilimkaa vizuri. Alipita kila maabara akinusa vinywa na kusema, "Pumua, bwana, pumua," huku tumbo lake likinguruma kushinda tanuri. Lakini akimfikiria Mkurugenzi, mzee wa watu, amejifungia ofisini na njaa yake kila adhuhuri bila kulalamika, machozi yalimlengalenga. Alimpenda mzee yule kwa dhati.

Haukupita muda akamnasa Vasundhara, mtaalamu wa kuyeyusha vioo, akitafuna idli, kimkate cha mchele, nyuma ya mizani.

"Kaka, nihurumie! Nimesimama mbele ya moto tangu alfajiri."

"Hata mimi nina njaa, dada. Mbona mzee anavumilia?"

"Mzee anavumilia kiyoyozi."

"We! Koma!"

Kamati ikakaa, kamati ikaamua: Vasundhara afukuzwe kazi, ila kwanza amalize kioo, maana hakuna mwingine anayejua kukitengeneza. Kamati haikuona kasoro yoyote katika uamuzi huo. Vasundhara alilia kwenye ngazi. Masomo yake yote, na jina lake, vyote viende kwa kipande cha idli!

Siku ya maonyesho wakaja wakubwa kutoka wizarani. Vasundhara akaweka kioo mezani, kipande kidogo kilichotiwa disprosi, madini adimu ambayo gramu zake huombewa kibali. Mapazia yakafungwa, taa zikazimwa. Akawasha taa ya zambarau, kama ile ya kukagulia noti benki. Kioo kikawaka, cheupe kama maziwa. Ukumbi mzima ukasema, "Aaah!"

"Hili ndilo tunda la saumu!" Mkurugenzi akanguruma, akanyoosha mkono juu ya kioo apigwe picha.

Vidole vyake vikawaka. Rangi ya ndimu mbivu, vyote vitano. Alipoinama, na masharubu yakawaka. Kutoka kidevuni matone yalishuka yakimetameta hadi kwenye kitambi.

"Bwana Kondalrao," mgeni mmoja akasema kwa adabu, "unatoa mwanga."

"Ni... ni mionzi ya madini."

"Ni bizari," Vasundhara akasema. "Bizari ya manjano huwaka chini ya taa hii. Wali wa ukwaju huo, tena wa leo."

"Wa jana!"

"Jana nayo ilikuwa Jumamosi, mzee," Subbarayudu akasema taratibu. Moyo ulimuuma kuliko tumbo. Kumbe mlango wa ofisi ulifungwa ili harufu isitoke!

Nyuma gizani mtu akacheka: "Mkuki kwa nguruwe!"

Wageni wakataka kamati ikae palepale. Hukumu ya Vasundhara ikafutwa, kwa kuwa sheria iliyolambwa na mkubwa haina tena makali ya kumkata mdogo. Kuhusu Mkurugenzi, Subbarayudu alisimama kusoma uamuzi. Taasisi haibagui, alisoma. Utaratibu ni uleule. Bwana Kondalrao afukuzwe kazi, ila kwanza amalize kazi aliyokuwa akiifanya.

Kazi hiyo ikatafutwa ofisini kwake, droo kwa droo. Haikuonekana. Akaondoka kabla ya chai ya jioni.