Tundu kwenye Paa la Mama

Jumatatu, 4 Machi
Haya mbea wangu, wewe unayesoma vya watu, sogea. Redio imesema kipande cha roketi kinarudi duniani. Hakiongozwi na mtu! Kimeishiwa mafuta, kinazunguka tu huko juu kama mlevi anayetafuta mlango. Kitaangukia wapi? Wataalamu wenyewe hawajui. Labda baharini. Labda kwetu! Atakayekiokota atavuma dunia nzima.
Na mimi je? Nafagia karakana ya mjomba ya kuchomelea vyuma. Anafungua ya pili, na anayetajwa kuisimamia ni Kidevu, mwanafunzi mwenzangu, eti ana mkono uliotulia. Hata konokono katulia!

Jumanne, 5 Machi
Ya nini kungojea mbingu? Nimechukua mtungi mbovu wa chuma wa kuchemshia maji, nikauponda, nikauunguza, nikauchomelea pete za chuma. Ukatisha mpaka nikauogopa mwenyewe. Mama alipotoka, nikapanda juu ya paa la jiko lake na msumeno. Tundu hilo! Nikautumbukiza mtungi. Kisha nikapiga mayowe: kimeanguka!

Jumatano, 6 Machi
Afisa wa anga kaja na glavu. Kafukuza watu, eti mabaki ya mafuta yana sumu. Majirani wananiita Profesa. Raha!
Mjomba akainama. Akatazama mshono, pale nilipochomelea. Akasema mshono wenye vinundu hivi, kama shingo ya bata mzinga, mji mzima anao mtu mmoja tu, na ni mtoto wa dada yake.
Kidevu alicheka mpaka akakaa chini. Mama? Alitazama tundu tu. Bora angenizaba kofi.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Yote jikoni. Mama anapika kashika mwavuli. Mjomba hataki kuniona karakana mpaka nizibe paa. Funguo za karakana mpya kapewa Kidevu. Kazipokea kwa mikono miwili, mnafiki yule.

Ijumaa, 8 Machi
Kishindo! Mchana kweupe, nyuma ya nyumba. Tufe la chuma, jeusi, jepesi ajabu, mshono mwembamba kama unywele. LA KWELI! Nikalikumbatia mpaka karakana. Habari ya sumu nilikuja kuikumbuka nimeshafika.
Mjomba akauliza leo nimebomoa paa la nani. Akapapasa mshono, akasema kazi safi hivi ni ya Kidevu, nimemwibia. Na Kidevu, Mungu anamwona, akanyamaza! Afisa alipopita kuulizia, mjomba akamwomba radhi, eti kijana wetu anaumwa vyuma, atapona. Gari lake likaondoka.
Sasa mama analizuilia mlango wa jiko. Nikimwambia sumu, ananiambia sumu ni mimi.

Jumapili, 10 Machi
Mikono inawasha. Paa bado. Nilishaapa kutulia.
Lakini redio! Kipande kingine kinarudi! Nimekaa nikatafakari, nikaliona kosa langu: mshono. Safari hii nafunga kwa bolti tupu. Na paa la shangazi ni pana kuliko la mama, bati zenyewe zimeshaoza, na kesho hayupo.
Mbea wangu, sema kweli: msumeno unao mkononi, ungekuwa wewe ungefanyaje?