Paa la Barza ya Watu wa Wamaza

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimeanzisha jamii. Asubuhi haikuwapo. Saa sita ilikuwapo, na mimi ndiye Prezida wake.

Kusudi ni zuri. Sisi watu wa Wamaza tuliokimbilia hapa Kasongo tutajenga barza yetu wenyewe, nyumba ya wazi ya kukutania, kama ile iliyochomwa kwetu. Miti, udongo, nyasi. Hakuna bati. Hakuna saruji. Hakuna tofali la kuchoma, maana kila tanuru linakula kipande cha msitu. Nimesoma sana juu ya jambo hili. Nyumba inayodumu si ile isiyoharibika. Ni ile ambayo wenyewe wanaweza kuitengeneza bila kumpigia mtu magoti. Sentensi hiyo nimeitunga mwenyewe. Niliisoma mara mbili mbele ya mkutano. Mara ya pili walipiga makofi kwa nguvu, nadhani ili nisiisome tena.

Chefu wa mtaa, Bwana Jean-Baptiste, ametupa kiwanja karibu na bonde kwa sharti moja: siku shule zinapofunguliwa, tarehe mosi Septemba, aone paa. Asipoliona, kiwanja kitakwenda kwa Zéphirin, mchoma matofali, anayekitaka kwa tanuru lake jipya. Zéphirin ameshaanika matofali yake mabichi hatua chache tu kutoka mpaka wetu. Mtu wa hapa hapa Kasongo, mnene, mcheshi. Simpendi.

Naandika sababu, nisije nikaisahau kwa wingi wa shughuli. Tangu vita vilipotutoa Wamaza tumezika watu wetu wengi hapa. Kila mara tulikaa matanga kwenye uwanja wa mtu mwingine, tukisikiliza kama mwenye nyumba ameanza kukohoa. Mtu asiye na barza huomba ruhusa hata ya kulia.

Alhamisi, 14 Agosti

Shida ya kwanza. Hakuna anayetaka kuwa memba tu. Abedi, aliyekuwa jirani yangu Wamaza, alisema baba yake hakuwahi kuwa memba wa kitu chochote, na yeye hataanza leo. Wengine waliguna kwa kukubali. Wawili walibeba viti vyao kuondoka.

Nikapata dawa papo hapo. Kila mtu apewe cheo! Abedi: Mshauri wa Kwanza, upande wa Miti. Kasimu, mtoto wa dada yangu, kijana wa zamani ambaye sasa ana mvi: Makamu wa Prezida, upande wa Nyasi. Wengine: Makamu wa Udongo, Makamu wa Maji, Msemaji, Msaidizi wa Msemaji. Furaha kubwa. Watu walipeana mikono kama siku ya uchaguzi.

Nyumbani nilimpa mke wangu Rosine cheo cha Prezida wa Chakula. Alisema cheo hicho anacho tangu siku ya ndoa, hakuna aliyempigia kura, na angependa kujua muhula unaisha lini.

Jumamosi, 16 Agosti

Salongo ya kwanza, kazi ya pamoja ya mtaa. Walikuja wote! Saa moja na nusu kamili. Mashati yamepigwa pasi. Makamu wa Udongo alikuja na kalamu mbili. Jembe hata moja hakuna.

Niliuliza nani atachimba. Msemaji alisema atalisemea jambo hilo. Abedi alieleza kwa upole kwamba kuchimba ni kazi ya utekelezaji, na yeye yuko kwenye ushauri. Akashauri tupate wachimbaji.

Zéphirin alikuwa ng'ambo ya mpaka, kifua wazi, matope mpaka viwikoni. Akapaza sauti: «Mzee Salomon! Hiyo nyumba yenu ya kudumu, naona inadumu mu kichwa tu!»

Watu walicheka. Baadhi ya maofisa wangu walicheka pia. Nimewaweka akilini.

Jumanne, 19 Agosti

Leo ugomvi juu ya nguzo. Mimi nakumbuka vizuri kabisa: barza ya Wamaza ilikuwa na nguzo tisa, na ile ya katikati ilikuwa nyeusi kwa moshi upande mmoja. Abedi anasema saba. Kasimu anasema kumi, na moto ulikuwa nje. Nje! Nimekuwa karani wa teritwari, yaani wilaya, pale Kabambare miaka mingi, kuhesabu ndiko kulikonilisha. Nikawaambia hivyo. Abedi akajibu kwamba karani huhesabu anacholetewa mezani, na barza haikuletwa mezani.

Tuliachana kwa hasira. Nimeketi peke yangu nikijaribu kuiona tena barza ile. Naona moshi. Naona mguu wa baba yangu, kiatu kimevuliwa, dole gumba linacheza akisikiliza kesi ya mbuzi. Nasikia Kibangubangu kile cha zamani, cha watu wasio na haraka. Nguzo zenyewe sizioni vizuri. Hili sitamwambia Abedi.

Jumatano, 20 Agosti

Mpango wa werevu. Nilimpitia Abedi nyumbani kwake nikamwambia, kama kwa bahati mbaya, kwamba Zéphirin anatembea mtaani akisema watu wa Wamaza hawajui kusimamisha mti ukanyooka. Zéphirin hakusema hivyo. Lakini angeweza kusema.

Loo! Abedi alivua shati lake la ushauri. Akaita wanawe na wakwe zake. Kabla ya jua kuzama nguzo zilikuwa zimesimama, na boriti na kombamoyo juu yake, kila kitu kimefungwa kwa kamba za msituni. Nguzo ni nane, idadi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeikumbuka. Hivyo kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake hakushinda.

Hasira ni nguvu isiyokula kuni hata moja. Nashangaa vitabu havijaitaja.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku njema ilianza na nyama. Kasimu alituletea ndezi wawili, wanono, amewabeba mwenyewe. Rosine aliwapika kwa mawese na pilipili, na bugali juu yake. Niliongezewa. Nikamwambia Kasimu kwamba hivi ndivyo Makamu wa kweli anavyofanya, kwamba jamii hujengwa kwa moyo wa namna hii. Hapo ndipo nilipomuuliza, nikichokonoa meno, aliwapata wapi.

Akasema vijana wamechoma ule mteremko wa nyuma ya mto. Ndezi walitoka, mjomba, kama wanafunzi kengele ikilia! Yeye alisimama ukingoni na rungu lake.

Mteremko wa nyuma ya mto. Nyasi zetu! Nyasi ndefu, zilizokomaa, ambazo mimi mwenyewe nilizichagua na kuzikabidhi rasmi kwa Makamu upande wa Nyasi!

Kasimu alishangaa kuniona nimesimama. Alieleza kwamba programu yangu haikutaja siku ya kukata, lakini kila mtu anajua mwezi wa Agosti vijana huchoma majani kuwinda. Asingeweza kukaa nyumbani wenzake wakila. Kisha akauliza kama ile mikia tunaimaliza.

Nimekula paa la barza. Nimeomba na nyongeza.

Jumatano, 27 Agosti

Hali mbaya. Kilichosalia mteremkoni ni majivu na kipande kidogo cha nyasi karibu na maji. Hazitoshi hata nusu.

Zéphirin alikuja nyumbani, amevaa shati kwa heshima. Nilidhani amekuja kwa habari ya kiwanja. Kumbe alikuja kwa jambo lingine: Abedi hamjibu salamu tena, na watu wanasema yeye Zéphirin ametukana Wamaza nzima. «Mzee, mi nilisema lini?» Nilimjibu kwamba watu wa mtaa huu husikia vibaya. Akaacha kikapu cha mihogo mlangoni akaenda. Mihogo mizuri. Jambo linaloudhi.

Rosine anasema tuezeke kwa majani mapana ya msituni, yale ambayo kina mama hufungia samaki sokoni. Kwao wanaezeka hivyo. Nilimwambia hapana. Barza ya Wamaza iliezekwa nyasi, kwa hiyo hii itaezekwa nyasi. Akasema, bila kuacha kupepeta mchele, kwamba barza ya Wamaza ni majivu.

Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi nilikuwa na mpango. Chefu Jean-Baptiste ana goti bovu. Akikagua mtaa hashuki kwenye pikipiki. Hupita njia ya juu, hutazama, huendelea. Kutoka njia ya juu, barza inaonekana upande mmoja tu! Tutaezeka upande huo kwa nyasi zilizobaki. Upande wa pili, unaotazama bonde, utangoja mwaka kesho. Huku ndiko kubuni kwa akili: kutumia kidogo, mahali kinapoonekana.

Ijumaa, 29 Agosti

Nusu ya paa iko tayari. Kutoka njia ya juu ni barza kamili ya fahari. Kutoka bondeni ni mbavu za ng'ombe. Nimewakataza watu wote kutazama kutoka bondeni.

Jumamosi, 30 Agosti

Mvua! Ya kwanza, na imekuja mchana kweupe, nzito, bila kupiga hodi.

Nilikuwa mlangoni kwangu. Kutoka hapo niliona uwanja wa Zéphirin wote: matofali mabichi ya kiangazi kizima, safu kwa safu, hayajaingia tanuruni. Safu ya kwanza ikaanza kulainika pembeni kama sabuni. Zéphirin alikimbia huku na huku na turubai moja. Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili ni langu: niliagiza chai.

Chai haijafika, nikaiona serikali yangu ikikimbia. Abedi mbele! Abedi yule yule asiyejibu salamu! Makamu wa Maji, Makamu wa Udongo, Msemaji, wote, matofali vifuani, wanayapeleka chini ya nusu ya paa langu. Kasimu alikuwa amepanda kwenye kombamoyo upande wa bonde. Rosine na kina mama wa sokoni walitokea na matita ya majani mapana, ya kufungia samaki, wakawa wanamrushia, naye anayapanga kama magamba, moja juu ya jingine.

Nilikwenda kutoa maagizo. Nilitaja vyeo vya kila mmoja. Mvua haikusikia, na wao hawakusikia. Mwishowe mtu fulani alinitia tofali mikononi nikalibeba, na jingine, na jingine. Tofali bichi lililolowa ni zito kama mtoto aliyelala. Huwezi kulishika kwa vidole, lazima ulikumbatie.

Tulipokuwa tumesimama chini ya paa tukitiririka, nilimuuliza Abedi taratibu kwa nini anamsaidia mtu aliyetutukana. Akafuta uso. «Tofali haikutukana mutu,» akasema.

Zéphirin alikuwa pembeni yetu. Alisikia. Kwa upande wangu lilikuwapo la kusema, nikakamua shati.

Jumatatu, 1 Septemba

Chefu alikuja saa nne. Pikipiki yake ilikwama kwenye matope ya njia ya juu, kwa hiyo alishuka. Alishuka! Na goti lake bovu! Kwa kuwa kulikuwa na manyunyu, akaja moja kwa moja mpaka chini ya paa.

Akatazama juu. Upande mmoja nyasi. Upande mwingine majani, bado yananuka samaki. Akatazama chini: matofali mabichi yamepangwa kuizunguka barza yote, na watu wameyakalia, watu wa Wamaza na vibarua wa Zéphirin, wakila mihogo ya kuchoma. Akauliza hii ni nyumba ya nani.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikaufunga, kwa maana matofali ni ya Zéphirin, na angesema tu kwamba ameshaingiza mali yake kiwanjani, ingekuwa basi.

Zéphirin alisimama. «Chefu, ni barza ya watu wa Wamaza. Mi niko mugeni.»

Chefu alisema paa ni paa. Kiwanja ni chetu. Akaomba muhogo, akaketi kwenye tofali, akakaa mpaka manyunyu yakaisha.

Zéphirin hataki matofali yale. Pembe zimekula maji, hayauziki. Tuyaache yawe viti, anasema. Chini ya paa yatadumu bila kuni hata moja. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo nadharia yangu tangu mwanzo.

Alhamisi, 4 Septemba

Jana mama mmoja wa Kasongo, mtu wa hapa, alifiwa na kaka yake. Uwanja wake ni mdogo. Alikuja kwenye barza yetu na kusimama nje, mikono kifuani. Abedi akasema karibu, mama. Basi. Hakuna aliyeniuliza. Walikaa pale mchana kutwa, wageni wetu, na sisi tukawaletea maji na kuni. Mzee mmoja wa kwetu alianza wimbo wa Kibangubangu na mama yule, asiyejua hata neno, alitikisa kichwa hadi mwisho. Nilikaa pembeni kwenye tofali. Dole langu gumba lilikuwa linacheza.

Nimelitafakari jambo hili usiku na mchana, na nimeona kasoro ilipo. Barza haina utaratibu! Watu huja wanapotaka. Hukaa popote. Zéphirin hukaa katikati na kusimulia uongo, nao wanacheka. Hakuna ajenda. Leo asubuhi nilikuta kiti cha Prezida kimekaliwa na kuku, na kuku huyo hakushughulika kuondoka. Ni wazi kwamba kazi yote hii imefanikiwa kwa sababu ya kamati. Na kamati isipotiwa nguvu, tutaipoteza.

Kwa hiyo kesho natangaza Kamati ya Kukaa. Nimeshaongea na watu kumi na wawili, na wote wamekubali kwa furaha. Wote ni makamu. Memba bado natafuta.