Cheti cha Kuielewa Talaka

Tunayo furaha kuutangazia umma kwamba Kitengo chetu cha Uelewa wa Talaka na Malezi kimekomesha kabisa tabia ya watu kuachana ovyo. Tangu mwezi uliopita, hapokelewi mtu dirishani kwetu na shauri la talaka bila Cheti cha Kuielewa Talaka, kinachotolewa baada ya semina ya siku nne. Mratibu wa semina ni mimi.

Siku ya kwanza alikuja fundi cherehani, mama wa binti wa miaka sita. Mumewe alikuwa amemchukua mtoto shuleni, akamficha kwa dada yake, akazima simu. Wiki tatu mama hajamtia mwanawe machoni. Nilimpa pole za kiofisi na fomu ya kijani.

"Kaka, sitaki fomu. Namtaka mwanangu."

"Mwanao yumo, ukurasa wa tano," nikamtuliza.

Mkurugenzi wetu, mtu mzito anayetanguliwa na kikohozi chake, alifundisha mwenyewe. "Msingi wa kwanza: mtoto ni wa baba. Mama ni mlezi wa mpito."

Fundi akanyanyua mkono, na mkononi ana kijitabu chetu wenyewe. Tulichapisha nakala elfu sita, na kwa kuheshimu usafi wake hakuna mtumishi aliyewahi kukifungua.

"Mheshimiwa, humu mmeandika mtoto si mali ya mtu. Hakimu anatazama maslahi yake kwanza: nani anamlea, yuko salama kwa nani. Tena mmeandika naweza kuomba amri ya muda nikae naye hata kabla talaka haijaamuliwa. Kweli au uongo?"

Mkurugenzi alikohoa. "Kijitabu ni cha umma. Sisi tunafuata mwongozo."

"Upi?"

"Unaandaliwa."

Kesho yake fundi hakuja. Nikamwandikia utoro. Kumbe amekwenda mahakamani moja kwa moja, bila cheti, na hakimu badala ya kumfukuza akatuita sisi.

"Cheti hiki kimo kwenye sheria gani?" aliuliza hakimu, mama wa makamo mwenye miwani puani.

"Kimo kwenye roho ya sheria," akajibu Mkurugenzi.

"Basi roho hiyo ipumzike."

Cheti kikafutwa. Ikaamriwa mtoto arudi kwa mama siku hiyo hiyo mpaka kesi iishe, na baba awe naye kila Jumamosi. Binti alipoletwa na shangazi yake, alimrukia mama shingoni. Fundi akalia bila kibali cha mtu. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, yote mawili.

Tukiwa tunatoka, karani akaita shauri lililofuata. Lilikuwa la talaka ya Mkurugenzi. Mlalamikaji ni mkewe, amesimama mlangoni na watoto wao wawili.

"Umenishtaki bila kuniambia?"

"Nilisimama dirishani kwako wiki mbili, baba watoto. Nikaambiwa nilete cheti, nikaja huku."

Mkurugenzi akajitupa kwenye benchi, kando ya fundi aliyempakata bintiye, akanong'ona, "Dada, eti baba akitaka kuwaona watoto wake, anafanyaje?"

"Anamwomba hakimu, Mheshimiwa. Anaeleza amewalea vipi. Halafu anasubiri, kama sisi."

Nikayaandika maneno hayo neno kwa neno. Kwa miaka yangu tisa kitengoni, hiyo ndiyo semina ya kwanza niliyoielewa.