Nahodha Wangu Amepewa Bastola

Jumatatu, 6 Oktoba

Dayton. Mvua. Msiba.

Jana wameonyesha sehemu ya kwanza ya ile tamthilia mpya. Wamemchukua Nahodha Bram Ostrander, shujaa wetu wa anga za mbali, wakamfanya kijana, wakampa bastola. Bastola! Mtu aliyemaliza misimu saba ya tamthilia ya zamani bila kumzaba mtu hata kofi! Adui akiteka chombo chake, alikaribishwa mezani, akapakuliwa supu ya dengu, akaulizwa kinachomsumbua. Silaha yake ilikuwa upawa. Huyu mpya ameua mabalozi wawili kabla hata ya tangazo la sabuni.

Mimi, Verlin Stamper, mwenyekiti wa Mashabiki wa Ostrander, tawi la Dayton, tangu lilipoanzishwa, sitanyamaza.

Mke wangu Corinne kasema hiyo ni tamthilia tu, nile kabla chakula hakijapoa. Nimekataa kula. Baadaye nimekula.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkutano wa chama, chumba cha chini cha maktaba. Nimevaa koti la kijivu la Nahodha na kushika upawa wa mwenyekiti, kama ilivyo desturi. Nimetangaza mpango. Jumamosi, kwenye kongamano la mashabiki kule Columbus, mwandishi mkuu wa ule uchafu, Tricia Lindqvist, atapanda jukwaani. Nikiinua upawa, sote tunampa mgongo. Kimya kabisa. Aibu itamtafuna.

Makofi machache. Maxine Dubicki, makamu wangu, hakupiga. Kauliza kama kuna aliyefikiria kumuuliza huyo mama kwa nini kafanya hivyo. Nimemjibu kwamba hapa si kliniki ya ushauri. Akasema, "Haya, bwana mkubwa, endelea na sinema yako." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili wasijue nimeumia.

Anataka kiti changu. Uchaguzi ni Jumapili. Mpango ukifaulu, kiti kinabaki kwangu. Ukivurugika, ni cha Maxine, na bila kiti hicho mimi ni muuza mazulia tu. Hayo nayaandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mazoezi ya kumpa mtu mgongo, sebuleni. Corinne amekuwa Lindqvist. Kasema mgongo wangu hauonyeshi hasira, unaonyesha mtu anayetafuta funguo. Nimerekebisha mabega.

Habari mbaya. Maxine kaonekana sokoni na mfuko mkubwa wa dengu. Njama! Anataka kuwahonga wapiga kura kwa chakula. Nimewapigia simu wanachama wote, nikawaonya wasile chochote kutoka mkononi mwake. Doug Pelfrey, mtunza hazina, kauliza kama hiyo supu itakuwa na nyama. Na hao ndio watu ninaowaongoza!

Jumamosi, 11 Oktoba

Columbus. Ukumbi umejaa makoti ya kijivu. Lindqvist akapanda jukwaani. Nikainua upawa, nikageuka. Nyuma yangu kimya kizito. Nikajua tumeshinda.

Nimesimama hivyo mazungumzo yote, uso ukutani. Mama mmoja kaniuliza kama huu ndio mstari wa chooni. Nikatikisa kichwa. Akapanga mstari nyuma yangu hata hivyo, na wengine wakamfuata. Nilipogeuka mwishoni, nimekuta watu wa choo wamejipanga hadi mlangoni. Wa chama changu, hakuna hata mmoja.

Nimewakuta kwenye maegesho. Maxine kafungua buti la gari, kaweka sufuria, anapakua supu. Anayekula ni Lindqvist! Kazungukwa na chama changu chote. Doug kakiri kwamba hakuna aliyegeuka. Waliona haya, kwa sababu yule mama alikuwa ameshawasalimia.

Maxine kamuuliza taratibu, kwa nini bastola. Lindqvist kasema alidhani zile supu za zamani ziliwekwa kwa sababu studio haikuwa na pesa za kurekodi vita. Hakuna aliyewahi kumweleza vingine. Kila anayemwandikia humtukana tu. Kisha kaweka kijiko chini, kafuta macho, kaahidi kwamba msimu wa pili bastola itatupwa. Watu wakashangilia, wakakumbatiana.

Nimepewa bakuli. Nimelikataa. Supu ilinukia vizuri sana, na hilo limeniuma.

Jumapili, 12 Oktoba

Kura. Maxine kapata zote isipokuwa yangu. Kanishukuru mbele ya watu, kanipa mkono, kasema, "Verlin, njoo ukae nasi bwana, nafasi yako ipo." Dharau iliyoje! Nimemkabidhi upawa, nikatoka. Nimelia ndani ya gari. Si sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka mwepesi. Nimeanzisha chama kipya, Mashabiki wa Kweli wa Ostrander. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa.

Corinne kaomba kujiunga, nadhani kwa huruma. Lakini sheria ni sheria, kuna mtihani wa mdomo. Nimemuuliza adui akiingia chomboni, Nahodha humfanya nini. Kajibu bila kusita kwamba humkaribisha mezani, humpakulia supu, humsikiliza.

Nimemfelisha. Aje tena mwezi ujao, akishamwelewa Nahodha.