Kaburi la Mfalme Nyuma ya Nyumba ya Mukabalisa

Kwa furaha kuu na mihuri mitatu, Serikali iliwatangazia watu wote wa Mugunga kwamba, kuanzia Jumatatu moja ya mwaka 1955, wana historia. Aliyeigundua ni Bwana Administrateur wa Goma, mkuu wa wilaya wa Kibelgiji, ambaye watu walimwita Bwana Marufuku, maana katika Kiswahili chote neno hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi.

Historia yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane Mukabalisa: shimo lililofunikwa kwa majani ya migomba na udongo, likitoa mvuke. Bwana Marufuku aliwaza kitaalamu. Mugunga ni mawe matupu ya volkano. Nani angejitaabisha kuchimba hapa kama si kumzika mfalme? Na ili mkubwa mwingine wa Bukavu asije akamwibia sifa, alisimamisha ubao: MALI YA BWANA ADMINISTRATEUR. MARUFUKU KUGUSA.

Karani Ferdinand alijua ni ndizi zimefukiwa ziive. Lakini mdomo wake ulikuwa na mke na watoto wa kulisha, basi ukatafsiri tu.

"Papa Ferdinand," Mukabalisa alinong'ona, "umuambie ni ndizi zangu. Samedi mutoto anaolewa. Nisipokamua pombe ya kasiksi kesho, zitaoza zote."

"Uko na kibali ya kuivisha ndizi ya pombe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, mama. Mwenye ndizi bila kibali anaenda kupasua mawe ya barabara. Ni yeye mwenyewe aliweka ile sheria."

"Na wakwe nitawapa nini? Historia?"

Binti wa mjane aolewe kwa maji ya ziwa! Mukabalisa alishinda mlangoni, akilinusa kaburi linavyozidi kunukia.

Kesho yake Gavana alifika na mpiga picha. Askari walivua kofia kwa heshima ya marehemu, wakafukua. Likatoka joto, ikatoka harufu tamu, zikatoka ndizi za manjano, mkungu juu ya mkungu.

"Mfalme yuko wapi?" Gavana aliuliza.

"Excellence," Bwana Marufuku alijibu, "hizi ni ndizi za kale."

Gavana alimenya moja, akala. "Si za kale. Ni za nani?"

Ferdinand aliutazama ubao. Askari wakautazama ubao. Mwishowe Gavana naye akausoma.

Sajenti Habarurema, ambaye Bwana Marufuku alimfundisha kazi yeye mwenyewe, alipiga saluti mbele yake. "Bwana, kibali?"

Hakikuwapo. Na Gavana alikuwa mtu wa sheria, hasa mbele ya mpiga picha. Alitia sahihi adhabu palepale, kisha akazionyesha ndizi kwa fimbo. "Na hizi zipotezwe. Nisizione tena!"

"Muniachie mimi, Excellence," Mukabalisa alisema kwa unyenyekevu. "Samedi jioni hakuna mutu ataziona."

Askari wakambebea hadi mahali pa kukamulia.

Jumamosi, ile Samedi ya harusi, wakwe walikunywa mpaka wakasahau njia ya kwao. Kando ya barabara Bwana Marufuku alikuwa akipasua mawe, kofia kichwani, jasho shingoni. Mukabalisa alimwonea huruma, huruma ya kweli, akampelekea kibuyu kimoja.

Sajenti Habarurema akakizuia njiani.

"Pole, mama. Mufungwa kunywa pombe, marufuku. Ni yeye mwenyewe aliweka ile sheria."